Karatasi ya pinki kwenye mlango wa friji

Mgonjwa anapoulizwa kuhusu DNR, yaani amri ya daktari ya kutojaribu kuuanzisha tena moyo uliosimama, mambo huanza kuharibika kwenye neno lenyewe. Daktari wa Marekani anauliza kwa Kiingereza kama mgonjwa angetaka CPR, yaani kukandamizwa kifua, moyo wake ukisimama. Mkalimani, au mara nyingi mjukuu aliyevutwa kitandani awe mkalimani, anamgeukia bibi: "Wanauliza, unataka wakufufue?" Bibi anashangaa. Kufufua anakujua kanisani au madrasani: Lazaro alifufuliwa, na wafu watafufuliwa siku ya kiyama. Hospitali ya Dallas haina uwezo huo. Basi anajibu, "Afufuaye ni Mungu," na daktari anaandika kwamba hataki. Au anajibu, "Kama wanaweza, sawa," na daktari anaandika kwamba anataka kila kitu. Majibu yote mawili hayahusiani na swali.

Swali linahusu mikono ya watu juu ya kifua. Mtu ambaye moyo umesimama na hapumui hulazwa chali sakafuni, mhudumu anaweka viganja viwili katikati ya kidari, anakandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mikandamizo 30, pumzi 2. Vibandiko vya mashine ya kushtua moyo vinabandikwa kifuani, mrija unaweza kupitishwa kooni, na adrenalini miligramu 1 inaingizwa mshipani kila baada ya dakika 3 hadi 5. Mbavu kuvunjika ni jambo la kawaida, hata kwa anayefanya kazi hiyo vizuri. Kwa mwili mkavu wa mtu wa miaka 85 mhudumu huzisikia zikivunjika chini ya kiganja.

Hufaa kwa nani? Hufaa zaidi kwa mtu ambaye moyo ulisimama kwa hitilafu ya ghafla ya umeme wake, akaonwa akianguka, akaanza kukandamizwa papo hapo. Ubongo usiopata damu huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Huko Marekani, kwa wote ambao moyo husimama nje ya hospitali na wahudumu wakawashughulikia, takribani mmoja kati ya kumi ndiye anayetoka hospitali akiwa hai. Kwa walio ndani ya hospitali tayari, takribani mmoja kati ya wanne. Kwa mzee dhaifu ambaye saratani, figo au mapafu yamekwisha kumla, na moyo ukawa kiungo cha mwisho kusalimu amri, nafasi hiyo hushuka sana, na anayerudi mara nyingi hurudi na ubongo ulioumia. Sisemi hivi ili mtu akatae. Nasema kwa sababu filamu zinaonyesha mtu anakandamizwa mara nane, anakohoa, anaomba maji.

Mkalimani mzuri basi aseme kitu ambacho bibi anaweza kukiona kichwani: "Shikamoo bibi. Daktari anauliza hivi: ikitokea siku moyo wako umesimama na pumzi imekatika, yaani umeshakata roho, wakubonyeze kifua kwa nguvu, wakupige shoti ya umeme na wakupitishie mpira kooni, kujaribu kuuanzisha moyo tena? Au wasifanye hivyo?" Asiongeze "wakuache upumzike kwa amani", maana hapo ameshamchagulia. Neno "kuhuisha" linapendeza kwenye karatasi, lakini mzee wa Fizi au Kasulu hataongea hivyo. Na mjukuu asibebeshwe kazi hii. Sheria ya shirikisho inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kumpa mgonjwa mkalimani aliyefuzu bila malipo, na inakataza kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa kwenye dharura. Unapomwomba mkalimani wa simu, taja kama mgonjwa anaongea Kiswahili cha Kongo au cha pwani. Tofauti yake si ndogo mnapozungumzia kifo.

Sasa, karatasi. DNR ni amri ya daktari ya kutokandamiza kifua na kutoshtua moyo pale moyo uliposimama. Ni amri juu ya tendo moja, katika hali moja. Haizuii oksijeni, haizuii dawa ya maumivu, dripu, viuavijasumu, kusafishwa damu, kuongezewa damu, wala kupelekwa hospitali. Mtu mwenye DNR anayeanguka na kuvunjika nyonga anapaswa kupigwa picha na kutibiwa kama mwingine yeyote. Hata upasuaji haufungwi. Ila kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi anatakiwa akae na mgonjwa wazungumze upya kama amri isimame, isitishwe kwa muda au ibadilishwe, kwa sababu ganzi yenyewe inaweza kuuyumbisha moyo kwa namna inayorekebishika. Kukataa mashine ya kupumulia ni jambo jingine, lina alama yake kwenye fomu, na si kila mwenye DNR amelikataa.

Kwa nini amri hii iwe na sahihi na rangi? Kukandamiza kifua kwa mikono kulianzia hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, kwa makala ya Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker ya mwaka 1960. Baada ya miaka michache kila anayekufa hospitalini akawa anakandamizwa, hata yule ambaye kifo chake kilitarajiwa. Mwaka 1974 miongozo ya kitabibu ya Marekani ikasema wazi kwamba CPR haikukusudiwa kwa ugonjwa usioponyeka uliofika mwisho, na kwamba uamuzi wa kutoifanya uandikwe kwenye faili. Wengi hawakuandika, walinong'ona. Katika hospitali moja ya Queens, New York, kadi za wagonjwa waliokuwa wameamuliwa kuachwa zilibandikwa nukta za zambarau ambazo zilitupwa baada ya mgonjwa kufa. Jambo likafika mbele ya jopo la uchunguzi la mahakama. Jimbo la New York likatunga sheria yake ya DNR mwaka 1987. Kwa hiyo usiuchukie usumbufu wa sahihi nyingi. Unamlinda mgonjwa dhidi ya nukta ya zambarau.

Familia nyingi huwa na karatasi tatu kwenye bahasha moja na kuzichukulia kama kitu kimoja. Ya kwanza ni wosia wa matibabu, unaoeleza matakwa ya mtu akiwa hajiwezi. Ya pili ni hati ya kumteua mtu wa kuamua badala yake. Zote mbili ni muhimu sana hospitalini, na zote mbili hazina nguvu mbele ya mhudumu wa ambulensi aliyepiga magoti kwenye zulia lenu. Yeye hufuata amri ya kitabibu, na hana muda wa kufasiri kurasa kumi na mbili za mwanasheria. Karatasi ya tatu ndiyo anayoitafuta: DNR ya nje ya hospitali, au fomu ya POLST, ambayo ni amri ya daktari kuhusu CPR na matibabu mengine.

POLST ilianzia Oregon. Mazungumzo yalianza mwaka 1991 na fomu ikatoka mwaka 1995. Majimbo mengine yameiga, kila moja kwa jina na sura yake. New York wanaiita MOLST. Sehemu ya A inauliza: moyo ukiwa umesimama, kifua kikandamizwe au kisikandamizwe? Sehemu ya B inauliza: mtu akiwa bado ana mapigo, apate matibabu yote, baadhi, au ya kumtuliza tu? Kosa linaloonekana sana ni kuchagua CPR kwenye A na matibabu ya kumtuliza tu kwenye B. Hayo hayaendi pamoja, kwa sababu moyo ukirudi mtu huyo atahitaji mashine na chumba cha wagonjwa mahututi. Mhudumu akikuta fomu inayojipinga atafanya kila kitu. Pia fomu hii si ya kila mzee. Imetengenezwa kwa mgonjwa mahututi au dhaifu sana. Babu wa miaka 70 anayetembea maili mbili kila asubuhi anahitaji hati ya kumteua msemaji wake. POLST inaweza kusubiri.

Kila jimbo lina vijimambo vyake, na vijimambo hivyo ndivyo vinavyobatilisha. Florida wanatumia karatasi ya njano. California ni pinki inayong'aa, ingawa nakala ya rangi nyingine inakubalika. Fomu iliyotafsiriwa huko ni ya kusomea tu, inayotiwa sahihi lazima iwe ya Kiingereza ili mhudumu aisome. Texas ni wakali zaidi: fomu inataka mashahidi wawili au mthibitishaji wa serikali, sahihi ya daktari, kisha kila aliyetia sahihi juu atie tena chini ya ukurasa. Watu husahau ile ya chini. Na usiridhike na sahihi ya mgonjwa peke yake: bila sahihi ya daktari, au mtaalamu mwingine aliyeruhusiwa na jimbo, hiyo ni barua tu, siyo amri.

Hata chale haitoshi. Mwaka 2017 madaktari wa Miami walieleza kisa cha mzee wa miaka 70 aliyefika hajitambui, akiwa amechorwa kifuani maneno ya kukataa CPR pamoja na sahihi. Mwanzoni waliamua wasiifuate, wakaita washauri wa maadili, nao wakashauri iheshimiwe. Baadaye ikapatikana fomu yake halali ya Florida. Lakini kuna kisa kingine kilichochapishwa mwaka 2012, cha mtu mwenye herufi D.N.R. kifuani ambaye alipoulizwa alisema anataka CPR kabisa. Chale aliipata baada ya kushindwa mchezo wa karata. Unaona kwa nini mhudumu huomba karatasi.

Iwekwe wapi? Mlangoni pa friji kwa sumaku, au nyuma ya mlango wa chumba cha mgonjwa. Siyo kabatini, siyo kwenye sanduku la benki, siyo kwa mtoto mkubwa anayeishi jimbo jingine. Wahudumu wa ambulensi hutazama friji kwa mazoea. Majimbo mengi hukubali pia bangili au mkufu maalumu, na Oregon ina daftari la kielektroniki ambalo wahudumu hulipigia simu. Picha kwenye simu ni bora kuliko kukosa, lakini usiitegemee: simu huwa imefungwa na mwenye namba ya siri ndiye aliyelala sakafuni.

Wanapofika, mambo hutokea kwa pamoja. Mmoja ameshaweka mikono kifuani, mwingine anauliza kama kuna DNR. Mpe karatasi mkononi, usimweleze habari zake. Ataangalia jina, sehemu ya A, sahihi, na kuhakikisha kwamba mgonjwa ndiye huyo. Ikiwa sawa, wanasimamisha, hata kama wameshaanza. Kuanza hakuwafungi waendelee. Watathibitisha kwamba moyo umesimama, wataandika saa, watawasiliana na daktari wao kwa simu kama taratibu zao zinavyotaka. Karatasi ikikosekana, au ndugu mmoja akiionyesha na mwingine akipiga kelele "fanyeni kila kitu!", watakandamiza huku wakimpigia daktari. Shaka yoyote huwaelekeza kwenye kukandamiza, na ni haki, maana kosa la upande huo linaweza kusahihishwa.

Amri iliyoandikwa hospitalini haifuati mtu nyumbani. Hapa ndipo wengi huumia. Mgonjwa amelazwa siku kumi, DNR ipo kwenye kompyuta ya wodi, kila muuguzi anajua. Siku anaporuhusiwa, amri ile inaishia mlangoni. Hata kwenye gari la kumhamishia nyumba ya kulelea wazee, wahudumu wanahitaji karatasi mkononi. Siku ya kuruhusiwa muulizeni muuguzi swali moja: "Fomu ya nje ya hospitali iko wapi, na nani ametia sahihi?" Msiondoke bila kuishika.

Kwa mnaobeba boksi kwenye kazi za kulea wazee wa watu, hesabu ni nyingine kidogo. Mwanzoni mwa kila zamu jua nani ana DNR na nani hana, na faili iko rafu gani, kwa sababu hutakuwa na dakika ya kuuliza. Asiye na karatasi anakandamizwa. Mwaka 2013 huko Bakersfield, California, mfanyakazi wa makazi ya wazee alikataa kumfanyia CPR mama wa miaka 87, akitaja utaratibu wa mahali hapo, huku mpokea simu wa 911, namba ya dharura, akimsihi. Rekodi ilisikika dunia nzima. Mwaka huohuo mamlaka ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ilizikumbusha nyumba za wauguzi kwamba haziruhusiwi kuwa na utaratibu wa kutofanya CPR: asiye na amri lazima ashughulikiwe hadi ambulensi ifike.

Kosa la upande wa pili ni baya vilevile na halisikiki redioni. Mzee mwenye DNR anakabwa na kipande cha nyama, mlezi anasimama kando kwa kuwa "ana DNR". Hapana! Moyo bado unapiga. Mpige mgongoni, msukume tumbo, toa kile kipande, piga 911. Sukari ya damu ikishuka, mpe kitu cha sukari kama anaweza kumeza, na uite msaada. Akitokwa damu, ibane. Amri ya tendo moja haijageuka ruhusa ya kumtelekeza.

Aliye nyumbani kwenye huduma ya hospisi, yaani ya kumtuliza mgonjwa anayekaribia kufa, ana namba yake ya simu ya saa 24, na hiyo ndiyo ya kupigwa kwanza pumzi zinapoanza kubadilika: kukoroma kwa majimaji kooni, vipindi virefu bila kupumua, vidole kuwa vya baridi na rangi ya zambarau. Ukipiga 911 ambulensi itakuja, mara nyingi na polisi, na sebule itajaa watu mlioamua siku nyingi kwamba hamtawaita. Iandikeni namba ya hospisi kwa kalamu nene juu ya fomu ya pinki, kwa sababu saa nane za usiku hakuna anayekumbuka.

Swali la dini huulizwa kwa sauti ya chini, basi nalijibu kwa sauti. Kwa Wakatoliki, Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi mwaka 1957 kwamba mtu hawajibiki kutumia njia zilizopita kiasi za kurefusha maisha. Kwa Waislamu, baraza la fatwa la Saudi Arabia lilitoa fatwa namba 12086 mwaka 1409 wa Hijria, ikiruhusu kuacha CPR pale madaktari watatu waaminifu na wabobezi wanapokubaliana kwamba haitafaa kitu. Shehe au padri wa mtaani kwenu anaweza kuwa na mengi ya kuongeza. Mwite kabla ya kutia sahihi, asiitwe siku ambulensi iko mlangoni.

Na yupo baba mkubwa aliye Bukavu au Kigoma, ambaye kwa mila ndiye mwenye kauli. Sheria ya jimbo haimjui. Mgonjwa asipoweza kusema, anaulizwa aliyeteuliwa kwa maandishi, na kama hayupo, sheria za majimbo mengi huanza na mke au mume, kisha watoto walio watu wazima. Mkitaka ushauri wa baba mkubwa uhesabike, mpigieni mapema. Chicago ikiwa saa tano usiku wakati wa baridi, Kigoma ni saa mbili asubuhi ya siku ya pili. Hilo ni pengo la saa tisa, na daktari wa zamu hatalisubiri. Anayeteuliwa awe anapokea simu usiku na anajua matakwa ya mgonjwa, hata kama ni mtoto wa nne.

Mgonjwa anaweza kubadili nia wakati wowote, hata kwa mdomo, hata mbele ya wahudumu. Akisema "nisaidieni", karatasi imekufa. Kwa fomu ya California, piga mstari juu ya sehemu A hadi D na uandike VOID kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza. Kisha kusanya nakala: kwa daktari wa familia, hospisi, nyumba ya wazee, daftari la jimbo kama lipo. Inayosahaulika ni ya kituo cha kusafisha damu, anakokwenda mara tatu kwa wiki, na ambako fomu ya mwaka juzi bado imekaa juu kabisa kwenye faili.